Nani Ameshuhudia? Majarida ya Wataalamu na Mambo Yasiyoonekana kwa Macho

(Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa)

 Natumaini mmekwisha kukaa, na yule mwenye daftari yuko karibu na redio. Kama watoto wanapiga kelele, watoeni nje kwa upole, maana somo la leo lataka masikio.

Tumepata barua ya mama mmoja. Asema kwamba mkwe wake ni mja mzito, naye alimsindikiza kliniki. Huko mkwe akalazwa kitandani, akapakwa dawa ya baridi tumboni kama mafuta mazito, kisha nesi akapitisha kitu kama kipande cha sabuni juu ya tumbo, na katika kioo kikaonekana kitu kama ukungu. Nesi akasema, “Huyu ndiye mtoto, na moyo wake huo unapiga.” Mama huyu aliona ukungu tu, lakini hakutaka kubisha. Alipofika nyumbani akaandika maswali mawili. La kwanza: sauti yaonekanaje, hata ikawa picha? La pili, nalisoma kama alivyoandika: “Ni nani aliyesema kwamba mashine hii haimdhuru mtoto, na huyo aliyesema alijuaje? Msinijibu kwamba daktari amesema, kwa kuwa daktari naye ameambiwa.”

Barua hii nimeisoma mara tatu. Swali la kwanza nitalijibu upesi. La pili ndilo somo letu lote la leo.

Basi, simama mbele ya jabali kubwa, piga kelele, nawe utasikia mwangwi ukirudi. Jabali likiwa mbali, mwangwi hukawia. Likiwa karibu, huwahi. Mtu mwenye saa nzuri aweza kupima umbali wa jabali kwa mwangwi tu. Mashine ya kliniki, ambayo watu huiita altrasaundi, yafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba sauti yake haisikiki. Sikio la mtu haliwezi kusikia sauti inayotikisika zaidi ya mara 20,000 hivi kwa sekunde, na sauti ya mashine hutikisika mara milioni kadha wa kadha. Sauti hiyo hupita mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Ikikutana na mfupa, au ukingo wa kiungo, sehemu yake hurudi. Kitu kilicho chini ya ngozi kwa sentimita 7.7 hurudisha mwangwi wake baada ya sehemu moja tu ya sekunde iliyogawanywa mara 10,000. Mashine huhesabu miangwi hiyo maelfu kwa maelfu, na kila mmoja huiwekea nukta yake katika kioo. Ule ukungu aliouona mama yetu ni nukta hizo.

Sasa swali la pili. Ukienda katika maktaba ya chuo kikuu, ukatafuta majarida ya sayansi kwenye herufi U, utakuta majina yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja. Liko Ultrasonics, lililoanza mwaka 1963. Liko Ultrasound in Medicine and Biology, la mwaka 1973. Liko Ultramicroscopy, la mwaka 1975, na mdogo wao, Ultrafast Science, la mwaka 2021. Neno hilo “ultra” ni la Kilatini, na maana yake ni “ng'ambo ya”. Wa kwanza huandika habari za sauti iliyo ng'ambo ya masikio yetu. Wengine huandika habari za vitu vilivyo ng'ambo ya macho kwa udogo, na mambo yaliyo ng'ambo ya kope kwa upesi. Kwa hiyo wote wana shida moja. Hakuna mtu aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake wala kuyasikia kwa masikio yake. Mashine ndiyo iliyoona. Basi ni nani atakayekuwa shahidi?

Shida hii ni ya zamani. Jarida la sayansi la kwanza kwa Kiingereza, Philosophical Transactions, lilianza London mwezi wa Machi mwaka 1665, chini ya mkono wa Henry Oldenburg, katibu wa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Mwaka 1676 Oldenburg alipata barua kutoka mji wa Delft, Uholanzi. Mwandishi wake, Antoni van Leeuwenhoek, alikuwa mfanya biashara ya nguo, si mwanachuo, wala Kilatini hakukijua. Lakini alikuwa fundi wa kusugua vioo vya kukuzia vitu. Aliandika kwamba katika maji ameona vijinyama vidogo visivyohesabika, vikiogelea. Siku hizi twaviita vijidudu, na hatushangai. Wakati ule ilikuwa kama mtu kusema ameona kijiji kizima ndani ya tone la umande.

Leeuwenhoek, alipoona watu wana mashaka, alifanya kama sisi tungalivyofanya: alitafuta mashahidi. Aliwaita watu wanane wenye heshima, wachungaji wa kanisa wakiwamo, wakatazama, wakatia sahihi zao. Ushahidi mzuri mbele ya kadhi! Lakini wale wa London hawakuridhika. Walimwambia Robert Hooke ajaribu mwenyewe, kwa hadubini yake mwenyewe na maji yake mwenyewe. Mara za kwanza hakikuonekana kitu. Mwezi wa Novemba mwaka 1677 vikaonekana, na wanachama wakapanga mstari kuchungulia. Tangu siku hiyo wale vijinyama hawakuwa tena maneno ya mtu mmoja wa Delft.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nawaomba mwandike. Jarida la sayansi haliulizi kwanza, “Wewe ni nani, na ni nani anayekusifu?” Lauliza, “Ulifanyaje? Eleza ili mwingine afanye vile vile.” Fikirini bibi harusi aliyesifiwa kwa pilau. Shoga zake wakamwuliza, naye akajibu, “Pilau langu lilikuwa tamu.” Hiyo ni habari ya gazeti la kila siku. Lakini akisema mchele kibaba hiki, maji kiasi hiki, bizari hivi, moto wa makaa kwa muda huu, basi kesho jirani atapika, na lisipoiva atarudi kudai. Makala ya jarida ni ya namna hiyo. Husema tulitaka kujua nini, tulifanya nini, tulipata nini, na twadhani maana yake ni nini. Sehemu ile ya “tulifanya nini” huwa kavu kama mkate wa juzi, na nakiri kwamba nimepata kusinzia juu yake zaidi ya mara moja. Lakini ndiyo roho ya makala.

Kabla ya kuchapa, mhariri hupeleka makala kwa wataalamu wengine wawili au watatu wa kazi ile ile, waitafute dosari. Mara nyingi mwandishi haambiwi majina yao. Watu hudhani desturi hii ni ya tangu zamani. Kumbe hata jarida maarufu la Nature, lililoanza 1869, halikuiweka kuwa sharti mpaka mwaka 1973.

Sasa tumrudie mama yetu na mashine yake. Twendeni Glasgow, katika nchi ya Scotland, mwaka 1955. Pale alikuwapo profesa wa ukunga, Ian Donald. Wakati wa vita alitumika katika jeshi la anga la Uingereza, akajua habari za mitambo inayotafuta ndege na nyambizi kwa mwangwi. Tena katika viwanda vya chuma mafundi walikuwa na mashine ya kupeleka sauti isiyosikika ndani ya bamba la chuma, ili kutafuta ufa usioonekana kwa nje. Donald akawaza: kama sauti yaweza kuuona ufa ndani ya chuma, kwa nini isiuone uvimbe ndani ya tumbo?

Karibu na mji, huko Renfrew, kilikuwako kiwanda cha Babcock & Wilcox, watengenezaji wa maboila makubwa ya mvuke. Mwezi wa Julai mwaka ule Donald akaenda huko, na buti za magari mawili zimejaa uvimbe uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa: mwingine wa nyama ngumu, mwingine wa maji. Mafundi wa maboila wakatoa pande la nyama ya ng'ombe, iwe ya kulinganishia. Fikirini sura za mafundi hao siku ile! Lakini jibu likawa wazi. Uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama havikurudisha mwangwi wa namna moja.

Baadaye fundi kijana wa kampuni ya Kelvin & Hughes, jina lake Tom Brown, akajiunga naye, pamoja na daktari John MacVicar. Mashine zao za kwanza zilikuwa dhaifu, na madaktari wenzao wakicheka. Siku moja wakaletewa mwanamke ambaye wakubwa wa upasuaji walikwisha kusema ana kansa ya tumbo, wala hatibiki. Tumbo lilikuwa limejaa. Mashine ikaonyesha mwangwi wa kitu chenye maji, kikubwa, chenye kingo safi. Wakampasua, wakatoa uvimbe wa maji katika kifuko cha mayai ya uzazi, usio kansa kabisa. Mwanamke akapona.

Ingalikuwa habari ya gazetini, ingaliishia hapo: mwujiza wa Glasgow. Lakini mtu mmoja kupona si ushahidi. Tarehe 7 Juni 1958 Donald, MacVicar na Brown walitoa makala yao katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Hawakuandika habari za mwanamke mmoja, bali za uchunguzi wa wagonjwa 100. Walionyesha picha na kueleza mashine na namna ya kuitumia. Tena walilikabili swali la madhara, wala hawakulificha kana kwamba ni siri ya duka. Daktari wa mji mwingine aliyeisoma makala hiyo aliweza kujenga, kujaribu, na kubisha.

Ngojeni, maana kuna jambo la kando ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Miaka miwili kabla, mwaka 1956, katika jarida hilo hilo la The Lancet, daktari wa Oxford, Alice Stewart, alikuwa ametoa taarifa fupi. Uchunguzi wake uliwauliza akina mama waliofiwa na watoto kwa kansa, na wengine ambao watoto wao walikuwa wazima: “Ulipokuwa na mimba, lilikupata nini?” Akaona kwamba wale waliofiwa walikuwa wamepigwa picha ya eksirei ya tumbo wakati wa mimba karibu mara mbili ya wale wengine. Eksirei! Chombo kilichokuwa kikitumika kila siku katika hospitali bora. Madaktari wengi hawakupenda kusikia, wakasema akina mama husahau na kuchanganya mambo. Ilichukua miaka mingi, na makala nyingi za watu wengine, mpaka desturi ile ikaachwa.

Mwaona, basi, kwamba mama yetu aliyeandika barua hakuwa mjinga. Kabla yake walikuwako akina mama walioambiwa “haidhuru kitu”, na ilikuwa yadhuru. Altrasaundi haina miali kama ya eksirei, ni sauti tu. Lakini hilo peke yake halitoshi. Ndiyo maana tangu 1958 imepimwa na kupimwa tena, katika nchi nyingi, na watu wasiojuana.

Tupite sasa kwenye vitu vidogo, na safari hii twaanzia hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Kampala. Katika hospitali ya Mulago alikuwapo daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, huku na huku. Hakupata kuona jambo la namna ile. Punde akamwona mtoto wa pili. Akaanza kufungua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958, mwaka ule ule wa makala ya Glasgow, akaandika katika British Journal of Surgery juu ya kansa ya taya katika watoto wa Kiafrika. Makala ikachapwa, na karibu kila mtu akaipita.

Burkitt hakukata tamaa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari, wakasafiri majuma kumi kutoka Uganda kwenda kusini, maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza, “Je, mmemwona mtoto kama huyu?” Aliona kwamba ugonjwa wapatikana zaidi mahali penye joto na mvua, na katika nyanda za juu zenye baridi hauonekani. Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, alikuwa ametoa hotuba London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, aliyesikia mambo hayo akahisi kwamba huenda kuna kirusi ndani yake.

Lakini kirusi kitaonekanaje? Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga una mpaka wake. Ernst Abbe, Mjerumani, alionyesha mwaka 1873 kwamba kitu kidogo kuliko nusu ya wimbi la mwanga hakionekani wazi, hata ukisugua kioo vipi. Chukua milimita moja, uigawe mara 5,000: hapo ndipo mwanga wa kawaida huishia. Virusi vingi ni vidogo kuliko hapo. Mwaka 1931 Max Knoll na Ernst Ruska, huko Berlin, walianza kujenga hadubini isiyotumia mwanga bali elektroni, na chombo cha namna hiyo Epstein alikuwa nacho.

Vipande vya uvimbe vikawa vikitumwa kwa ndege kutoka Kampala. Karibu miaka miwili, hakikuonekana kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege yenye kipande kingine ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na mzigo ukafika umechelewa. Maji yaliyokuwa na kipande yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angalimwaga, akisema kimeoza. Epstein akatazama tone lake kwa hadubini ya kawaida, akakuta si vijidudu vya uozo bali chembe hai za uvimbe, zimeachana, zinaelea. Kwa njia hiyo yeye na Yvonne Barr wakaweza kuziotesha chupani. Mwezi wa Februari 1964 alitia baadhi yake katika hadubini ya elektroni, na katika chembe ya kwanza akaona kirusi. Alisema baadaye kwamba aliogopa mwali wa mashine usije ukakiunguza. Akaizima, akatoka nje kutembea katika theluji, moyo utulie, kisha akarudi kutazama tena. Kilikuwapo.

Tarehe 28 Machi 1964 Epstein, Barr, na Bert Achong, mtaalamu wa hadubini aliyezaliwa Trinidad, wakatoa habari katika The Lancet. Kisha wakafanya jambo ambalo napenda mlitie maanani: walipeleka chembe zao Philadelphia, Marekani, kwa bwana na bibi Henle, watu waliokuwa na njia zao wenyewe za kupima. Hao nao wakaona kwamba kirusi hiki ni kipya, hakikujulikana kabla. Leo twajua kwamba watu wazima wengi sana duniani wanacho mwilini bila kuumwa, na kwamba ni sababu mojawapo ya ile kansa ya Burkitt. Kilikuwa kirusi cha kwanza kushikwa katika kansa ya binadamu. Na njia yake ilianzia katika makala ile ya mwaka 1958 ambayo wengi waliipita.

Nimesema habari za watu waliokubaliana. Sasa nataka kuwaonyesha wanaobishana, maana ubishi wao ndio unaonifurahisha zaidi. Nimeutoa katika ile elimu ya tatu, ya mambo ya upesi.

Atosekunde ni kipimo cha muda. Chukua sekunde moja, igawe mara milioni. Kila kipande kigawe mara milioni tena. Na tena mara milioni. Hiyo ndiyo atosekunde. Ndani ya sekunde moja zimo atosekunde nyingi kuliko sekunde zote zilizopita tangu ulimwengu uanze. Na katika muda wa namna hiyo elektroni husogea ndani ya atomu. Mwaka 1987, huko Ufaransa, Anne L'Huillier na wenzake walipitisha mwanga wa leza katika gesi, wakaona gesi ikitoa mianga mingine mingi, kama uzi wa zeze unavyotoa sauti ndogo ndogo juu ya sauti yake kuu. Makala ilichapwa mwaka 1988. Mwaka 2001 watu wawili walitumia njia hiyo kupata mmweko mfupi ajabu: kundi la Pierre Agostini, Ufaransa, mimweko ya atosekunde 250 ikifuatana, na kundi la Ferenc Krausz, Vienna, mmweko mmoja mmoja wa atosekunde 650.

Mwaka 2010 kundi la Krausz lilitoa makala katika jarida la Science. Walipiga atomu za gesi ya neoni kwa mwanga, wakaona kwamba elektroni za aina mbili hazitoki pamoja. Moja huchelewa nyuma ya mwenziwe kwa atosekunde 21. Wenye mahesabu wakakaa, wakahesabu. Jibu lao halikufika hata nusu ya hizo. Wakahesabu tena, kwa njia nyingine. Halikufika. Hapo pana fitina ya kweli: ama kipimo kimekosea, ama mahesabu ya atomu yamekosea, na mahesabu hayo ndiyo msingi wa mambo mengi.

Hakuna aliyeitwa mwongo. Miaka saba walijibizana kwa makala. Mwaka 2017 kundi la L'Huillier, ambaye sasa yuko Lund, Uswidi, likapima upya kwa chombo kinachotenganisha vizuri zaidi nguvu za elektroni. Wakaona kwamba mara nyingine elektroni ikitoka humtikisa mwenziwe, na alama ya tukio hilo hukaa karibu sana na ile inayopimwa. Katika kipimo cha zamani alama mbili hizo zilichanganyika, kama sauti za watu wawili katika simu mbovu. Zilipotenganishwa, kipimo na hesabu vikapatana. Na mwaka 2023 L'Huillier, Krausz na Agostini wakapewa pamoja tuzo ya Nobel ya fizikia. Habari zilimkuta bibi huyo darasani, katikati ya somo, naye akarudi kulimaliza. Mwalimu hasa!

Lakini je, mtu akiandika uongo? Nisiwadanganye, hutokea. Mwaka 1994 daktari mmoja wa London, aliyesifika kwa ujuzi wa altrasaundi, aliandika katika jarida kubwa la ukunga kwamba aliihamisha mimba iliyoshika nje ya mji wa uzazi, akaiweka mahali pake, na mtoto akazaliwa mzima. Hebu fikirini matumaini yaliyowapata wanawake waliopoteza mimba za namna hiyo. Mhariri wa jarida lenyewe alikuwa ametiwa jina lake katika makala kama mwandishi mwenza, ingawa kazi hakuifanya. Basi nani angemkagua? Mtu wa ndani ya hospitali akaanza kuuliza: huyu mgonjwa ni yupi? Vitabu vya hospitali vikafunguliwa. Mgonjwa hakuwako. Makala ikafutwa, daktari akaondolewa katika orodha ya madaktari mwaka 1995, na mhariri akajiuzulu. Wale wakaguzi wa makala hawakuunasa uongo huo, kwa kuwa wao husoma karatasi tu, hawaendi wodini. Ulinaswa na mtu aliyetafuta jambo lenyewe lilikofanyika.

Na siku hizi kuna majarida ya bandia yanayochapa chochote mradi ulipe. Yana majina makubwa makubwa. Mtu akikuonyesha makala na kusema “imechapwa”, mwulize imechapwa wapi, na ni nani mwingine aliyejaribu akapata vile vile.

Tena kuna ukuta mwingine: bei. Kusoma makala moja tu kwaweza kugharimu dola 30 au zaidi. Daktari wa wilaya angezipata wapi? Mwaka 2002 Shirika la Afya Ulimwenguni na wachapaji wakaanzisha mpango uitwao Hinari, ili vyuo na hospitali za nchi maskini zisome bure au kwa bei ndogo. Na makala nyingine siku hizi huachwa wazi kwa kila mtu, ila hapo mara nyingi mwandishi ndiye anayelipa, na si kidogo. Watoto waliovimba taya walikuwa wa Uganda; mimi naona si haki daktari wa Uganda kusimama nje ya mlango wa maktaba.

Mama, sasa nakujibu. Aliyesema si mtu mmoja. Ni watu wengi, kwa zaidi ya miaka 60, kila mmoja akieleza alivyofanya, na wengine wakijaribu kumwumbua. Mpaka leo hawajathibitisha kwamba altrasaundi inayotumiwa kwa utabibu humdhuru mtoto tumboni. Walichokiona ni kwamba sauti hiyo yaweza kutia nyama joto kidogo. Kwa hiyo washauri itumike kwa sababu ya matibabu, kwa nguvu ndogo na muda mfupi inavyowezekana, isiwe mchezo wa kupiga picha za kutunza sandukuni. Safari ijayo mwulize nesi atazama nini na kwa nini. Ni haki yako, wala si utovu wa adabu.

Kazi ya vikundi juma hili ni hii. Kila mmoja achague jambo moja analolijua vizuri: kupika uji wa mgonjwa, kutega samaki, kuchanganya saruji. Aliandike katika ukurasa mmoja, kwa vipimo. Kisha ampe karatasi mtu asiyelijua jambo hilo, naye mwandishi akae kimya kabisa wakati mwenziwe anajaribu. Mahali atakapokwama, tieni alama. Karatasi zile zenye alama ndizo nitakazo. Zileteni kwa njia ya posta, nasi tutazisoma hapa Alhamisi ijayo. Kwaherini.